Mali Bila Daftari: Nani Akague Programu Zinazopanga Afya Yetu?

Mkoa wa Tanga ni mkongwe katika utumishi wa sayansi. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliyageuza majengo hayo ya msituni kuwa makao ya utafiti wa malaria. Na tangu Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, kazi hiyo imekuwa chini ya chombo cha Watanzania wenyewe. Kwa muda wote huo wananchi wa Muheza, Korogwe na vijiji vya pwani wamekubali kutobolewa vidole, kuwekewa mitego ya mbu vyumbani mwao, na kujibu maswali ya watafiti waliobisha hodi mapema asubuhi. Huo ni mchango mkubwa, na haujapata kusifiwa vya kutosha.

Kati ya mwaka 2009 na 2014 mchango huo ulivuka mipaka ya nchi. Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoijaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Bagamoyo ilikuwa kituo kingine katika mwambao wetu. Watoto wachanga na wadogo 15,459 waliandikishwa katika vituo vyote. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa nchi zenye malaria nyingi. Hayo wananchi wengi wamekwisha kuyasikia. Lakini kati ya tone la damu la mtoto wa Korogwe na uamuzi uliotolewa Geneva palikuwa na kitu cha tatu ambacho hakisemwi sana mikutanoni. Kitu hicho ni programu ya kompyuta. Juu ya kitu hicho cha tatu ndipo tunapotaka kusema leo, kwa sababu twaona kimeachwa bila mkaguzi.

Yafaa kwanza tueleze programu ya namna hii hufanya nini. Daktari aweza kuhesabu watoto waliougua katika muda wa majaribio. Hawezi kuhesabu watakaougua miaka kumi ijayo, wala hawezi kujaribu chanjo, chandarua na dawa ya kupulizia ukutani katika kila wilaya ya Afrika. Kwa hiyo wataalamu hutunga kielelezo cha hesabu. Ndani yake huwekwa watu wa kubuni wenye umri mbalimbali, na mbu wa kubuni wanaowauma. Vimelea hukomaa ndani ya mbu kwa muda wa siku kumi au zaidi, kwa kutegemea joto. Mtoto aliyeumwa mara nyingi hupata kinga kidogo kidogo. Na dawa huondoa vimelea kwa kiwango fulani. Kisha kompyuta huagizwa iyaendeshe maisha hayo siku baada ya siku, mara elfu na elfu, na kueleza ni wangapi wangeugua na wangapi wangepona. Maagizo hayo yaliyoandikwa, ambayo wataalamu huyaita msimbo, yaweza kufika maelfu na maelfu ya mistari.

Mojawapo ya programu hizo ni OpenMalaria, iliyotungwa na wataalamu wa Taasisi ya Magonjwa ya Kitropiki ya Uswisi. Sehemu ya misingi yake ilijengwa kwa takwimu za bonde la Kilombero, karibu na Ifakara, hapahapa Tanzania. Matokeo ya majaribio ya chanjo yalipokamilika, hayakukabidhiwa programu moja tu. Yalipewa makundi manne, kila moja na programu yake iliyoandikwa mbali na nyingine, na mwaka 2016 majibu yao yakachapishwa pamoja katika jarida la Lancet. Kwa maeneo ambako malaria ni ya wastani hadi nyingi, makadirio yalikuwa kwamba kila watoto 100,000 wakichanjwa dozi nne, vifo 484 vingeepukwa. Lakini hawakuishia hapo. Walitaja pia mpaka wa chini kuwa vifo 189 na wa juu kuwa vifo 859.

Tunawaomba wasomaji waitazame vizuri tofauti hiyo. Katika kutangazwa kwake hamna aibu, bali mna uungwana. Mtaalamu anayeonyesha mpaka wa chini na wa juu anamwambia kiongozi ukweli: hiki tunakijua kwa kiasi hiki, wala si zaidi. Hatari kubwa iko kwa tarakimu moja tupu, iliyotoka katika programu moja, iliyoandikwa na mtu mmoja, ambayo hakuna mwingine aliyepata kuifungua na kuitazama ndani.

Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba jambo hili si la mbali hata kidogo. Kwa vyandarua, dawa mpya na upuliziaji, malaria Zanzibar iliteremka hadi chini ya asilimia 1 ya watu wanaopimwa. Adui akishapungua kiasi hicho, vita hubadilika: badala ya kumpiga kila mahali, hutafutwa nyumba kwa nyumba. Mwaka 2008 ulianzishwa mpango wa vituo vya afya kupeleka hesabu zao za malaria kila wiki kwa simu ya mkononi. Mwaka 2012 ikafuata programu iliyopewa jina la kizungu la nazi, Coconut Surveillance, iliyomwezesha ofisa wa wilaya kupata taarifa ya mgonjwa, kumfuata hadi nyumbani, na kuwapima jamaa zake. Kabla ya hapo, mwaka 2009, watafiti walikuwa wametumia kumbukumbu za simu, bila majina ya wenyewe, kukadiria ni wasafiri wangapi waliotoka bara wakarudi visiwani na vimelea mwilini. Kila anayepanda chombo kutoka Tanga kwenda Wete au Mkoani alikuwa kwa namna fulani ndani ya hesabu za aina hiyo. Ni dhahiri basi kwamba kosa la mstari mmoja wa msimbo laweza kumpeleka ofisa katika shehia isiyo na mgonjwa, na kuiacha yenye mgonjwa.

Je, makosa ya namna hiyo hutokea kweli? Hutokea, tena kwa mataifa tajiri yenye wataalamu wengi. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa Korona nchini Uingereza hawakuingia katika hesabu ya taifa. Sababu yake ilikuwa kwamba majina yalipitishwa katika jedwali la Excel la mtindo wa zamani, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Jedwali lilipojaa, yaliyozidi yaliachwa nje kimya kimya. Wagonjwa wenyewe waliambiwa majibu yao, lakini waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati. Hapo hapakuwa na mwizi wala mhujumu. Palikosekana tu mtu wa kuuliza: yaliyoingia ni mangapi, na yaliyotoka ni mangapi?

Mfano mwingine ni wa Marekani. Mwaka 2006 maabara ya mwanasayansi Geoffrey Chang, aliyechunguza maumbo ya protini, ililazimika kuzifuta makala tano zilizokwisha kuchapishwa katika majarida makubwa. Programu ndogo iliyorithiwa kutoka maabara nyingine ilikuwa imebadilishana safu mbili za tarakimu, na umbo la protini likatoka kinyume, kama mkono wa kushoto unaodhaniwa kuwa wa kulia. Kwa miaka kadhaa wataalamu wengine walikuwa wakijenga juu ya msingi huo. Programu ilipokewa kama urithi, wala hakuna aliyeijaribu kwa kitu ambacho jibu lake lilikwisha kujulikana.

Chanzo cha udhaifu huu chaeleweka. Mwanasayansi husomea magonjwa, bahari au hali ya hewa. Programu huiandika kwa kujifunza njiani, ili apate jibu la swali lake. Akishapata jibu huandika makala, na programu hubaki katika kompyuta yake. Mwanafunzi wake huikuta, huongeza mistari, naye huhitimu na kuondoka. Baada ya miaka kumi programu inatoa ushauri kwa serikali, ilhali hakuna aliyebaki anayejua kwa nini mstari fulani uliandikwa vile. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Dawa ya maradhi haya haihitaji kuvumbuliwa upya. Mwaka 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, kwa sababu programu kubwa zilikuwa zikichelewa, zikigharimu kuliko ilivyopangwa, na kuvunjika. Hapo ndipo jina la uhandisi wa programu lilipopata kutangaa, kwa maana kwamba programu ijengwe kwa nidhamu ile ile ya kujenga daraja. Nidhamu hiyo imekua tangu wakati huo, na mambo yake makuu ni manne, ambayo mtu yeyote wa mwambao atayaelewa bila shida.

La kwanza ni daftari. Kila badiliko la programu liandikwe: nani amebadilisha, lini, na kwa sababu gani, na iwezekane kurudi nyuma hadi hali ya jana au ya mwaka jana. Chombo kinachotumika zaidi kwa kazi hiyo, Git, kilitungwa na Linus Torvalds mwaka 2005, na hutolewa bure. Mtafiti asiyekitumia hana udhuru wa fedha.

La pili ni majaribio. Fundi wa jahazi hangoji bahari kuu ndipo ajue kama kalafati imeshika. Hukitia chombo majini ufukweni na kutazama ngama. Programu ya malaria nayo ijaribiwe kwa maswali ambayo majibu yake yanajulikana. Ukiwaondoa mbu wote, malaria lazima iishe. Ukihesabu wazima, wagonjwa na waliokufa, jumla lazima ilingane na idadi ya watu ulioanza nayo. Ukiipa takwimu za mahali palipokwisha kupimwa, lazima ikaribie yaliyoonekana huko. Majaribio hayo huandikwa mara moja, kisha kompyuta yenyewe huyarudia kila mara programu inapoguswa, ili badiliko la leo lisivunje kilichokuwa kizima jana.

La tatu ni jicho la pili. Msimbo usipokelewe mpaka mwenzi ausome. Katika vyuo vyetu vya Kurani mwanafunzi hafuti ubao wake kabla mwalimu hajamsikiliza, na hakuna anayeona kuwa hilo ni kumdharau mwanafunzi. Zanzibar ina mfano wake wa kisasa. Tangu mwaka 2005 maofisa wa afya wa wilaya walikuwa wakikutana katika warsha, kila mmoja akizionyesha takwimu zake mbele ya wenzake, nao wakizihoji. Jarida la Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2012 jinsi mahojiano hayo yalivyoboresha takwimu na matumizi yake. Walichofanyia takwimu ndicho tunachotaka kifanyiwe programu.

La nne ni uwazi na maelezo. Programu iwe na mwongozo ambao mgeni aweza kuufuata, na msimbo wake uwekwe mahali ambapo mwingine aweza kuuchukua, kuuendesha na kupata jibu lile lile. OpenMalaria imewekwa wazi hivyo, na kwa hiyo mtafiti wa Muheza aweza kuisoma sawasawa na yule wa Basel. Uwazi wa msimbo usichanganywe na kuanika siri za wagonjwa. Majina na habari za watu zilindwe kwa sheria. Programu yaweza kukaguliwa kwa takwimu za mfano.

Kwamba nidhamu hii hufaa, ushahidi upo. Machi 2020 programu ya Chuo cha Imperial cha London, iliyotumika kuishauri serikali ya Uingereza juu ya Korona, ilizua kelele. Neil Ferguson, aliyeongoza kazi hiyo, alisema hadharani kwamba ilikuwa maelfu ya mistari isiyo na maelezo, iliyoandikwa zaidi ya miaka 13 kabla kwa ajili ya mafua. Wahandisi wa programu wakaingia kusaidia kuisafisha, na ikawekwa wazi. Kufikia Juni 2020 Stephen Eglen wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikuwa ameiendesha mwenyewe na kuthibitisha kwamba matokeo makuu ya ripoti yalipatikana tena. Ukaguzi, basi, uliwasaidia wataalamu kuonyesha kwamba hesabu zao zilisimama. Lakini ulikuja baada ya uamuzi, na wananchi wakabaki na mashaka kwa miezi ambayo imani yao ilihitajika zaidi. Ukaguzi uliochelewa ni kama taa iliyowashwa baada ya chombo kupanda mwamba.

Hata hivyo hatutaki mtu afikiri kwamba programu iliyoandikwa vizuri haiwezi kukosea. Majaribio huonyesha kama programu inafanya ilichoagizwa. Hayaonyeshi kama kilichoagizwa ndicho kilivyo duniani. Mkoa wetu unalo somo juu ya hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofanywa kaskazini mashariki ya Tanzania, ulionyesha kwamba mbu waenezao malaria walikuwa wamepungua sana katika vijiji ambako hapakuwa na mpango wowote wa kuwapiga vita. Fikirini basi programu inayochukulia kwamba kila upungufu wa malaria umeletwa na chandarua. Itatoa jibu safi, lisilo na kosa la hesabu, lakini sifa itampa asiyestahili, na fedha za umma zitafuata sifa hiyo. Kosa la namna hii haligunduliwi na kompyuta, bali na watu wanaokijua kijiji, mvua zake na mbu wake. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutaka programu hizi zisomwe na wataalamu wetu, kwani dhana zilizofichwa ndani ya msimbo hazipingwi na mtu ambaye hajauona.

Watafiti watasema kwamba nidhamu hii hula wakati, na wakati wa utafiti hulipiwa na wafadhili wenye haraka. Hoja hiyo ina ukweli, nasi hatudai ngalawa ikaguliwe kama meli. Hesabu ndogo ya siku moja, isiyomgusa mtu, haihitaji taratibu nyingi. Lakini programu inayoamua dawa ziende wilaya gani ni meli, na imebeba abiria. Kipimo cha nidhamu kiwe uzito wa uamuzi unaotegemea programu hiyo. Tena uzoefu wa mafundi ni kwamba kosa linalokamatwa mapema huwa rahisi kulitengeneza kuliko lile lililokwisha kusambaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa viongozi wa serikali, bara na visiwani, tuna mapendekezo matatu. Kwanza, Tume ya Sayansi na Teknolojia na vyombo vinavyotoa vibali Zanzibar viweke sharti kwamba utafiti unaokusudiwa kuishauri serikali ukabidhi programu yake pamoja na ripoti, ikiwa na daftari la mabadiliko, majaribio na mwongozo. Twadai nakala ya ripoti tangu zamani. Sasa tudai na chombo kilichoizaa.

Pili, taasisi za utafiti ziwe na kazi ya kudumu ya fundi wa programu za sayansi, mwenye cheo na mshahara unaolingana na ujuzi wake. Uingereza walianza kuipa kazi hiyo jina lake rasmi mwaka 2012, baada ya kuona kwamba vijana waliokuwa wakiifanya hawakuwa na njia ya kupanda cheo. Vijana wenye uwezo huo tunao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kwa miaka mingi katika kujenga na kuendeleza mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, unaotumiwa na nchi nyingi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar nacho kinafundisha kompyuta. Tusipowaajiri kwetu, watatengeneza programu za wengine, nasi tutazinunua.

Tatu, wanafunzi wa sayansi wafundishwe nidhamu hii mapema. Mafunzo ya siku chache yanayoitwa Software Carpentry, yaani useremala wa programu, yalianza mwaka 1998, na masomo yake hutolewa bure kwa yeyote anayetaka kuyafundisha. Jina lenyewe lafaa, kwani seremala hupima mara mbili na kukata mara moja.

Na kila ofisa anayeletewa tarakimu mezani, kabla ya kutia sahihi, aulize maswali manne: Programu iliyotoa tarakimu hii iko wapi? Imejaribiwa kwa takwimu za wapi? Nani mwingine ameisoma? Mpaka wake wa chini na wa juu ni upi? Maswali hayo hayahitaji shahada, wala si utovu wa heshima kwa mtaalamu. Mtaalamu wa kweli atayafurahia, kwa kuwa majibu anayo. Akisita, ofisa amekwisha kupata jibu lake.

Wananchi wa mwambao huu walitoa damu ya watoto wao ili dunia ipate elimu. Hawakuuliza bei. Haki yao ni kwamba hesabu zinazofanywa kwa damu hiyo zifanywe kwa uangalifu ule ule uliotumika kuitoa, zisomeke na watu wao wenyewe, na ziweze kusahihishwa zinapopotoka. Serikali inao uwezo wa kulidai hilo, na wakati wa kulidai ni kabla ya kibali kinachofuata kutiwa sahihi.